Rafadha ya omo kwenye boti ya rimoti: tundu, waya na kijiti

Boti yangu ina urefu wa sentimita 112 na, ikishabeba betri zake, uzito wa kilo 9. Niliiunda nikizitazama boti za abiria zinazotoka Bukavu kwenda Goma katika Ziwa Kivu: ghorofa mbili, tumbo pana, usukani mmoja na rafadha moja, yaani panga linalozunguka na kusukuma maji, kule nyuma. Ikiwa mwendoni inatii kama mtoto aliyeahidiwa andazi. Taabu huanza ikikaribia gati, ile gati ya mbao nne niliyoichomeka majini upande wa Muhumba. Nikipunguza mwendo, upepo wa mchana unaikamata ghorofa ya juu, kichwa kinageukia ng'ambo, Rwanda, nami nabaki na rimoti mkononi kama mtu anayesindikiza mgeni.

Sababu yake ni nyepesi. Usukani hauna nguvu yake wenyewe. Unakula nguvu ya maji yanayoupitia. Boti ikitambaa, maji hayapiti ya kutosha, na usukani unakuwa ubao tu. Meli kubwa zilimaliza tatizo hili kwa kutoboa tundu linalopita upande kwa upande chini ya omo, yaani chini ya kichwa cha chombo, na kuweka rafadha ndogo ndani yake. Ikizunguka hivi, inavuta maji kutoka kushoto na kuyatapika kulia, kichwa kinakwenda kushoto. Ukigeuza mzunguko, kichwa kinakwenda kulia. Kitu hichohicho kinaingia kwenye boti ya mita moja bila shida, mradi ukubali kutoboa chombo ulichokipaka rangi kwa miezi miwili.

Mimi nilikuwa nataka kuiweka mahali palipokuwa na nafasi, karibu na chumba cha mbele cha abiria. Mzee mmoja wa mitumbwi alinikuta nimekaa ufukweni nachora kwa penseli.

“Mzee, nataka kuiweka hapa. Ndipo penye nafasi.”

“Mtoto wangu, mtumbwi ukitaka kuutoa gatini unausukuma wapi na upondo?”

“Kichwani, Mzee.”

“Sasa mbona huu wako unausukuma tumboni?”

Nikafuta ule mchoro. Hesabu yake iko hivi: nguvu ya kugeuza ni msukumo ukizidishwa kwa umbali kutoka katikati ya boti. Mstari wangu wa maji, yaani pale uso wa maji unapokata ubavu, una sentimita 104, hivyo katikati ni 52. Tundu likiwa sentimita 14 kutoka ncha ya mbele, umbali ni 38. Likirudi nyuma hadi sentimita 33 kutoka ncha, umbali unabaki 19: nusu ya nguvu ya kugeuza imekwenda, na mota ileile bado inakula betri ileile. Watu wengi wanaoniambia “rafadha yangu dhaifu, nitafute mota kubwa” wana mota ya kutosha. Tundu ndilo liko pabaya.

Isichoweza kufanya

Rafadha ya omo si usukani wa pili. Boti ikienda kasi, maji yanayotapikwa ubavuni yanalazwa na mkondo, yanateleza kando ya chombo, na msukumo unapotea. Kwenye meli halisi manahodha huitegemea chini ya noti 3 hivi, kama kilomita 5 na nusu kwa saa. Kasi ikizidi hapo inabaki kelele. Kwenye boti ndogo, ukiona imeanza kuinua wimbi mbele, iache, tumia usukani.

Ununue, uunde, au utumie pampu

Njia ya kwanza ni kununua kifaa kizima: bomba, gia, rafadha na kikalio cha mota. Raboesch wa Uholanzi wanatengeneza vya aina hiyo, na wapo wengine. Ukubwa hutajwa kwa kipenyo cha bomba. Kwa boti ya sentimita 60 hadi 80 mimi ningechukua milimita 15. Kwa ya sentimita 80 hadi 120, milimita 20 au 25. Huku kwetu kifaa kama hicho huja kwenye mfuko wa ndugu anayerudi safari, na ukikosea ukubwa hakuna wa kukubadilishia. Pima kwanza, agiza baadaye. Mimi nililetewa kimoja ambacho muuzaji aliandika “20” juu ya pakiti, ndani kulikuwa na cha 15. Nimekihifadhi, labda mpwa wangu ataunda boti ndogo.

Njia ya pili ni kuunda mwenyewe, nayo ndiyo iliyo majini leo. Nitaieleza kwa urefu.

Njia ya tatu ni ya haraka, na ni nzuri kwa boti chini ya sentimita 80: pampu mbili za kurusha maji kwenye kioo cha gari. Garaji yoyote ina gari bovu lenye pampu hiyo. Zote mbili zinavuta maji kutoka tundu moja chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Moja inatoa kulia, nyingine kushoto. Hakuna gia, hakuna shafti, ile fimbo inayozungusha rafadha, ya kuvuja. Udhaifu wake ni kwamba maji yanatoka kama mkojo wa mbuzi, membamba, na msukumo ni mdogo. Pia pampu hizo ni za volti 12 na hazipendi kuzunguka kavu, basi usizijaribu mezani zaidi ya sekunde mbili tatu. Yanayofuata kuhusu rimoti yanazihusu nazo pia.

Kutafuta mahali pa tundu

Usipime boti ikiwa tupu. Ipakie kila kitu: betri, mota, ghorofa, hata vile viti vya karatasi. Kifaa kipya kitaongeza kama gramu 200 mbele, kwa hiyo weka mawe ya uzito huo mahali kitakapokaa. Ishushe kwenye beseni kubwa, iache itulie, kisha chora mstari wa maji kwa penseli pande zote mbili. Ikiinamisha kichwa, sogeza betri nyuma sasa hivi, kabla ya kutoboa.

Kuna mambo matatu ya kupatanisha. Tundu liwe mbele iwezekanavyo. Liwe chini ya kutosha: ukingo wa juu wa bomba uwe angalau kipenyo kimoja chini ya mstari wa maji. Nusu kipenyo ni mwisho wa uvumilivu. Ikipungua hapo rafadha itanyonya hewa, itatoa povu na mlio wa soda inayofunguliwa, na boti haitasogea. Boti yangu ya kwanza niliipa milimita 6 tu ikaishia hivyohivyo. Kijana wa mtumbwi ndiye aliyeirudisha ufukweni. Jambo la tatu: bomba lisiwe refu mno. Ukienda mbele sana chombo ni chembamba na hakuna nafasi ya gia; ukirudi nyuma bomba linarefuka, maji yanasuguana na kuta, msukumo unapungua. Urefu wa mara mbili hadi nne ya kipenyo unafaa. Langu lina kipenyo cha nje cha milimita 25 na urefu wa milimita 80, kitovu chake kiko milimita 55 chini ya mstari wa maji.

Ili matundu mawili yatazamane, kata karatasi ngumu, ikunje katikati, iweke juu ya ncha ya mbele mkunjo ukiwa sawasawa na mkuku. Toboa alama kwenye upande mmoja wa karatasi, ikunje tena ili alama ipite upande wa pili. Halafu tazama kwa macho yako, kutoka mbele na kutoka juu. Jicho la fundi hugundua milimita moja ambayo rula imeificha.

Kutoboa na kubandika

Anza na keekee ya milimita 3, upande mmoja kisha mwingine, kila mara kutoka nje kwenda ndani ili tripleksi isipasuke. Pitisha spoki ya baiskeli iliyonyooka katika matundu yote mawili. Simama juu ya boti: spoki ikate mkuku kwa pembe mraba. Simama mbele: spoki iwe sambamba na maji. Ikiwa imepinda, huu ndio wakati wa kurekebisha, kwa kupanua tundu upande unaotakiwa kwa faili nyembamba ya duara.

Kisha panua taratibu. Mimi hufunga msasa kwenye kipande cha bomba jembamba na kuzungusha kwa mkono. Ukuta wa omo umeinama, kwa hiyo tundu litakuwa na umbo la yai, si duara. Usishtuke, bomba lenyewe ndilo litakalolijaza.

Bomba langu ni la plastiki ngumu, lile la kupitishia nyaya za umeme ukutani, la milimita 25 kwa nje na karibu 22 kwa ndani. Likate refu kuliko unavyohitaji, lizidi sentimita mbili kila upande. Plastiki hii haishiki gundi ikiwa laini, basi likwaruze kwa msasa wa 80 sehemu zote zitakazobandikwa, lifute vumbi kwa spiriti. Kabla ya kubandika, toboa juu yake, katikati kabisa, tundu la kupitisha shafti ya gia. Ukisahau hapa utajikuta unatoboa ndani ya kichwa cha boti kwa keekee isiyoingia, na utasema maneno ambayo mama yako hapaswi kuyasikia.

Gundi ni epoksi ya sehemu mbili, ile inayokauka polepole. Ya dakika tano usiitumie chini ya maji, inalainika na kuachia baada ya muda. Ichanganye na unga wa mbao uliochujwa mpaka iwe kama siagi ya karanga, kisha jaza ndani kuzunguka bomba kwa kona iliyoviringwa kama ukingo wa sahani. Ongeza kipande kidogo cha faiba juu yake. Iache usiku mzima.

Kesho yake, kata masalio ya nje kwa msumeno wa chuma na yalainishe hadi yalingane na ubavu. Usiache ukingo mkali: uviringe kwa msasa, hasa ukingo wa nyuma wa kila tundu. Ukingo ulioviringwa unayapa maji njia ya kuingia bila kuvurugika, na boti ikienda mbele tundu halivuti breki sana.

Gia, shafti na rafadha

Mota hukaa juu, imesimama wima, na rafadha imelala ndani ya bomba. Kwa hiyo unahitaji gia mbili za pembe, zinazokutana kama herufi L. Nilizitoa kwenye difu ya gari la kuchezea lililovunjika. Magari hayo yanajaa sokoni Kadutu, na difu moja ina gia nne za aina hiyo.

Shafti ni spoki ya baiskeli. Spoki ya kawaida ina milimita 2, imenyooka, na bei yake haisumbui. Nyumba ya shafti ni antena ya redio ya zamani: vile vipande vinavyoingiliana ni mabomba ya shaba nyeupe, na utapata kimoja ambacho spoki inazunguka ndani yake bila kucheza. Beba spoki mfukoni unapokwenda kwa fundi redio, ujaribu palepale.

Kinga ya kuvuja ni hii, nayo ni muhimu kuliko grisi yoyote: kichwa cha juu cha hilo bomba la shaba lazima kipite mstari wa maji, angalau kwa sentimita 3. Maji hupanda ndani ya bomba mpaka usawa wa ziwa, hayawezi kuzidi hapo. Hata grisi ikiisha kabisa, boti haizami. Wanaoweka nyumba fupi ya shafti na kutegemea mpira wa kuzuia maji wanajitafutia safari ya kwenda Kivu chini, na Kivu chini ni mbali, zaidi ya mita 470.

Mota ni ile ya namba 380, ya brashi. Iunganishe na spoki kwa kipande cha mpira wa mafuta ya pikipiki, kilichokazwa kwa waya pande zote mbili. Mpira unasamehe kupinda kidogo na unapunguza kelele.

Rafadha ya kawaida husukuma vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine, kwa sababu mabawa yake yamepindwa kwa ajili ya kwenda mbele. Hapa unataka mabawa bapa, yanayofanana pande zote. Kata duara la milimita 20 kwenye bati la shaba, lichanje mara nne kuelekea katikati bila kufika, kisha pinda kila bawa kwa koleo hadi nyuzi 40 hivi. Bomba lina milimita 22 kwa ndani, hivyo inabaki nafasi ya milimita 1 kila upande. Ikizidi hapo, maji yanarudi nyuma kupitia kando badala ya kusukumwa.

Zungusha kwa kidole. Ikikwaruza popote, simama urekebishe.

Umeme

Pima umeme unaoliwa na mota rafadha ikiwa majini, sio hewani. Yangu hula ampea 4 bomba likiwa limejaa maji, na ikikwama inapita 12. Namba ya pili ndiyo inayochoma vitu. Kidhibiti mwendo, kile kisanduku kinachoipimia mota umeme, kiwe kinaweza kubeba ampea 20, na kwenye waya mwekundu wa betri weka fyuzi ya gari ya ampea 7.5. Siku majani yakiziba rafadha, utapoteza fyuzi badala ya mota.

Naipa betri yake peke yake: ya risasi, volti 6, zile za taa, na uzito wake unasaidia kuituliza boti. Hapo pana mtego mmoja. Vidhibiti vingi vina kinga ya betri ya lithiamu. Kikiona volti 6 kinadhani ni lithiamu iliyokwisha na kinakata umeme. Kibadilishe kwenye hali ya betri nyingine, kwa kidaraja kidogo au kwa rimoti kama karatasi yake inavyosema.

Mtego wa pili ni breki. Vidhibiti vya magari ukisukuma kijiti nyuma mara ya kwanza hupiga breki, na kurudi nyuma huja mara ya pili. Kwenye rafadha ya omo hilo ni balaa: unataka kulia, unapata kimya. Tafuta kidhibiti chenye hali ya mbele-nyuma bila breki.

Mtego wa tatu ni waya mwekundu. Kidhibiti cha mota kubwa tayari kinampa kipokezi, yule anayepokea amri za rimoti ndani ya boti, volti 5. Cha rafadha ya omo nacho kinataka kumpa. Wasigombane: kwenye plagi ya kidhibiti cha pili, inua kwa sindano kile kilimi cha plastiki, chomoa waya mwekundu wa katikati, uukunje nyuma na uufunge tepu. Mweusi na ule wa amri vibaki.

Kwenye mota yenyewe, chomelea kapasita ya maikrofaradi 0.1, ile ndogo ya udongo iliyoandikwa 104, kati ya miguu yake miwili, na nyingine kutoka kila mguu hadi kwenye gamba. Brashi zinarusha cheche, na cheche zinamtia kipokezi kichaa.

Huna pesa ya kidhibiti? Sevo moja, ile mota ndogo yenye mkono unaofuata kijiti cha rimoti, na swichi ndogo mbili za kubonyeza zinatosha. Swichi ziwe za miguu mitatu: wa pamoja, wa kufunguka ukibonyeza, na wa kuunganika ukibonyeza. Mguu wa pamoja wa kila swichi unakwenda kwenye mguu mmoja wa mota. Ile miguu miwili ya kufunguka ukibonyeza, iunganishe pamoja kwenye hasi ya betri. Ile miwili ya kuunganika ukibonyeza, iunganishe pamoja kwenye chanya. Sevo ikiwa katikati, miguu yote ya mota iko kwenye hasi na mota imetulia. Mkono wa sevo ukibonyeza swichi ya kulia, upande mmoja unapata chanya. Ukibonyeza ya kushoto, upande mwingine. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hata swichi zote mbili zikibonyezwa kwa ajali, hakuna shoti: mota inapata chanya pande zote na inasimama. Kasoro yake ni kwamba hakuna pole pole, ni yote au hakuna. Swichi hizi hupatikana kwenye maikrowevu iliyokufa, lakini mwachie fundi aifungue, kwa sababu kapasita yake kubwa inaweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kijiti kipi

Chagua kijiti kinachojirudisha katikati chenyewe. Ukitumia kitasa cha kuzungusha, siku moja utakisahau kimewaka, na utakumbuka ukinusa mota.

Kwenye rimoti ya vijiti viwili ya mpangilio wa ndege, mimi nimepanga hivi: kijiti cha kulia, kulia na kushoto, ni usukani, kijiti cha kushoto, juu na chini, ni mwendo, kijiti hichohicho cha kushoto, upande kwa upande, ni rafadha ya omo, chaneli ya 4. Kuna atakayesema kidole kinachopandisha mwendo kitaigusa rafadha bila kutaka. Kweli, wiki ya kwanza kiligusa. Tiba ni kupanua eneo la kimya katikati ya kijiti kama rimoti yako inaruhusu. Rimoti yenye umbo la bastola na chaneli ya tatu ya swichi inafaa kwa mpango wa sevo tu.

Wapo wanaoifunga rafadha na usukani ziende pamoja kwa chaneli moja. Siipendi njia hiyo. Kila ukigeuza usukani katikati ya ziwa, rafadha inazunguka bure na kula betri. Ukitaka sana, weka mchanganyiko huo kwenye swichi ya kuuwasha ukifika gatini.

Sasa panga vitu vitatu. Kwanza katikati: kijiti kikiwa kimya, mota isinung'unike hata kidogo, ikilia, sogeza trimu, kile kitufe cha kusawazisha kijiti. Pili mwelekeo: kijiti kulia, kichwa kulia, maana yake maji yanatoka kushoto. Ikienda kinyume, geuza chaneli kwenye rimoti au badilisha nyaya mbili za mota. Tatu, na hili wengi hulipuuza: boti ikipoteza mawasiliano ifanye nini? Iweke kwenye kikalio, washa kila kitu, sukuma rafadha kidogo, kisha zima rimoti. Ikiendelea kuzunguka, kipokezi chako kinashikilia amri ya mwisho. Kifundishe kurudisha mwendo na rafadha zote katikati.

Beseni kwanza

Tandaza karatasi ya choo ndani ya omo, kuzunguka bomba na chini ya mota. Ishushe boti kwenye beseni, iache dakika kumi, halafu toa karatasi. Karatasi haidanganyi, tone moja linaacha duara. Ikiwa kavu, washa rafadha kwa sekunde tano tano kila upande na uangalie tena.

Linganisha nguvu za pande mbili: funga uzi kwenye ncha ya omo, ushike kwa mizani ya jikoni ya kuning'iniza, soma kulia, soma kushoto. Upande wenye nguvu zaidi upunguze kwenye mipaka ya chaneli hadi zilingane. Kisha gusa mota. Baada ya sekunde kumi na tano za nguvu zote inapaswa kuwa ya uvuguvugu tu. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kidogo, inapoza kidogo kuliko ile ya pwani, kwa hiyo sizidishi hapo.

Ziwani

Nenda asubuhi, Kivu ikiwa kioo. Kabla ya kushusha, tazama maji ya ukingoni: vipande vya mifuko, vifuniko vya chupa, majani. Takataka hizihizi ndizo zinazoteremka mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme kule Mururu; rafadha ya milimita 20 haina ubavu wa kuzishinda. Nimeweka kwenye kila tundu vijiti vitatu vya shaba, vimesimama wima. Wavu wa tundu dogodogo ungezuia zaidi lakini ungekula msukumo. Vitatu vinatosha kuzuia mfuko.

Ukirudi nyumbani, suuza tundu kwa maji ya mvua. Maji ya Kivu yana chumvichumvi, yakikauka kwenye spoki yanaacha unga mweupe na baadaye kutu. Tia grisi kwenye shafti kila baada ya siku tatu nne za mchezo.

Na usisahau kupaka alama juu ya mstari wa maji, duara jeupe lenye msalaba ndani, kama meli kubwa zinavyofanya kuwaonya wenye mitumbwi kwamba chini hapo kuna kisu. Ikiwa mbali, alama hiyo inakusaidia pia kujua kichwa kiko upande gani.

Kuegesha kwenyewe ni hivi, upepo ukiwa unakusukuma mbali na gati. Lenga gati iwe kushoto kwako. Njoo kwa pembe ndogo, mwendo wa kutambaa, omo ikielekea ubao wa mbele. Ikibaki urefu wa boti moja, kata mwendo. Kichwa kitaanza kukimbia kulia. Kigonge kwa rafadha ya omo kushoto, mara fupi fupi, nusu sekunde, nusu sekunde, usishikilie. Omo ikigusa, rudisha nyuma mota kubwa kidogo. Ikiwa rafadha yako ya nyuma ni ya mzunguko wa kulia (ikienda mbele inazunguka kama saa ukiitazama kutoka nyuma), kama zilivyo nyingi za mota moja, ikirudi nyuma huvuta tezi, yaani nyuma ya chombo, upande wa kushoto. Basi tezi inaingia kushoto yenyewe, omo unaishikilia kushoto kwa kidole, na boti nzima inateleza ubavuubavu mpaka mbao za gati zinalia.